Zhan zhuang: kujenga nguvu kwa kusimama

Wengi wanaotaka kujifunza qigong, mazoezi ya Kichina ya mwili na pumzi, huanza na mikono, wakitaka izunguke, isukume, itoe moto. Mimi huwaanzisha miguuni. Zoezi linaitwa zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo, na mitindo mingi ya kungfu ya China imejengwa juu yake. Wang Xiangzhai (1885–1963), aliyetokea kwenye xingyiquan, mmoja wa mitindo hiyo, aliupa mkao huu nafasi ya kwanza alipoasisi mtindo wake wa yiquan, na ile mifululizo mirefu ya miondoko ya kukariri akaiweka kando. Ukimtazama anayelifanya unaona mtu kasimama tu. Simama wewe, na kufikia dakika ya tatu mapaja yatakuwa yameshaanza kulalamika.

Tafuta sakafu tambarare, uwe pekupeku au na viatu vya soli bapa, na usianze ukiwa umetoka kula. Mjamzito, mwenye goti bovu au presha isiyotulia amuulize daktari wake kwanza.

Hatua ya 1: miguu. Itanue kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele. Yumba kidogo mbele na nyuma hadi uzito utulie katikati ya nyayo. Sasa legeza magoti na ushushe nyonga, kama unayetaka kukalia kigoda kirefu ukasita njiani. Magoti yafuate mwelekeo wa vidole, yasigeukie ndani wala kuvipita kwa mbele. Wanaoanza hupenda kushuka sana ili waonekane wana nguvu. Sentimita chache zinatosha. Kina kitakuja chenyewe.

Hatua ya 2: mgongo. Hapa ndipo wengi hupotea. Makalio yakibinuka nyuma, uzito wote huishia kiunoni, na kesho yake mtu anasema qigong imemuumiza. Jipime ukutani: egemeza mgongo, kunja magoti kidogo, kisha acha ncha ya uti wa mgongo ielekee chini hadi ile nafasi kati ya kiuno na ukuta ipungue. Usiikaze kwa nguvu ya tumbo. Toka ukutani ukiwa na mkao huohuo. Rudisha kidevu ndani kidogo, utosi uelekee juu.

Hatua ya 3: mikono. Inue mbele ya kifua kama iliyokumbatia mpira mkubwa, viganja vikikutazama, vidole vya mkono huu na ule vikiachana kwa ngumi mbili hivi. Viwiko viwe chini kidogo ya mabega, makwapa yawe wazi. Mabega yatapanda bila kukuarifu, na utajua kwa shingo kukaza. Toa pumzi, yashushe. Utarudia hivyo mara nyingi, na kurudia huko ndiko mafunzo yenyewe.

Hatua ya 4: pumzi. Vuta na kutoa kwa pua, tumbo likijaa na kushuka taratibu. Weka mawazo kwenye dantian, sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu hivi. Usibane pumzi.

Utasikia joto viganjani, mchonyoto vidoleni, mapaja kutetemeka. Wachina wa mila husema qi, yaani nguvu ya uhai, inatembea. Daktari atakutajia damu na misuli. Sigombani na yeyote kati yao, ila ukianza kuwinda joto la viganja utasahau miguu. Kutetemeka si tatizo. Maumivu makali ya goti au kizunguzungu, acha papo hapo.

Anza na dakika 3 kila siku, uongeze moja kila wiki hadi ufike 15. Dakika 5 za kila asubuhi nazipendelea kuliko 30 za Jumapili.

Hatua ya 5: ngumi. Ukishazoea kusimama, ongeza tendo la saba la baduanjin, mfululizo wa mazoezi manane ya zamani ambao China iliutolea toleo sanifu mwaka 2003. Tanua miguu zaidi, shuka, kunja ngumi kidole gumba kikiwa ndani, uziweke kiunoni. Sukuma ngumi ya kushoto mbele polepole huku ukiikodolea macho kwa ukali. Ikifika mwisho, fungua kiganja, kizungushe kwenye kifundo cha mkono, kamata kama unayenyakua kitu, urudishe ngumi kiunoni. Kisha kulia. Mara tatu kila upande zinatosha. Macho yasilegee, kwa kuwa ukali wake ni sehemu ya zoezi. Watoto wakikucheka, waache.

Kufunga. Nyoosha magoti taratibu, weka viganja vyote viwili juu ya dantian, pumua mara kadhaa. Usikae chini papo hapo. Tembeatembea kidogo, sugua magoti kwa viganja vikiwa bado na joto, ndipo ukanywe maji.