Jinsi ya kubishana kuhusu tamthilia za muziki na mastaa wake bila kumuonea mtu

Mashabiki wa tamthilia za muziki tunapenda ubishi, na hakuna ubaya. Mtu akiniambia Wicked ndo ilistahili Tony, ile tuzo kubwa ya Broadway, ya tamthilia bora mwaka 2004 badala ya Avenue Q, nitakaa naye mpaka usiku wa manane. Shida ni vile ubishi wenyewe unavyoenda siku hizi: mtu anaanza na wimbo, anahamia kwenye sauti ya mwigizaji, dakika mbili baadae anaongelea alichoposti Instagram, mwisho mmenuniana na hakuna anayekumbuka mlianza na nini.

Njia ninayoitumia mimi ni kutenganisha maswali. Shoo yenyewe ikoje? Mwigizaji kafanya kazi gani jukwaani? Na huyo mtu nje ya jukwaa kafanya nini, au kafanyiwa nini? Kila swali lina ushahidi wake, na makosa yetu mengi yanatokana na kuchukua ushahidi wa swali moja kwenda kujibia lingine.

Anza na shoo, na ujue kwamba kusikiliza albamu sio kuona shoo. Albamu inakupa nyimbo, haikuonyeshi kwamba yule anayeimba kwa furaha vile anamdanganya aliyesimama mbele yake. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuiona nzima, hata iliyorekodiwa kihalali kama Hamilton ilivowekwa Disney+ mwezi Julai 2020, itazame mwanzo mpaka mwisho bila kurukaruka. Alafu jua nani kafanya nini, maana aliyetunga muziki, aliyetunga maneno ya nyimbo, aliyeandika hadithi na aliyeongoza mara nyingi ni watu tofauti, na ukisema tu "shoo mbovu" umewapiga wote kofi moja.

Mfano wangu wa siku zote ni Merrily We Roll Along ya mtunzi Stephen Sondheim. Ilifunguliwa Broadway, zile kumbi kubwa za tamthilia New York, Novemba 1981 ikafungwa baada ya maonyesho 16. Hadithi inaenda kinyumenyume, inaanza na marafiki watatu ambao urafiki wao umeshaharibika ukubwani, inarudi nyuma taratibu mpaka usiku ule wakiwa vijana wenye ndoto. Waliocheza walikuwa vijana wadogo wanaoigiza watu wazima, watazamaji wakachanganyikiwa nani ni nani, ikabidi waigizaji wavalishwe fulana zilizoandikwa wao ni akina nani kwenye hadithi. Fikiria umeenda kuona tamthilia ya watu wanaouza roho zao Hollywood, alafu mbele yako kuna kijana mwenye maandishi kifuani. Aliyetoka pale akasema muziki haufai alikosea mlango, kwa sababu Sondheim na mwandishi George Furth waliirekebisha miaka iliyofuata, ikarudi Broadway 2023 chini ya Maria Friedman na watu wazima watatu, Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez, na mwaka 2024 ikachukua Tony ya urejesho bora, yaani shoo ya zamani iliyorudishwa jukwaani, Groff na Radcliffe nao wakapata za kwao. Nyimbo nyingi ni zile zile. Kwa hiyo kabla hujaitupa shoo, sema ni kipi kimekushinda, hadithi, mpangilio, uongozaji, au kweli ni muziki. Na pesa usiitumie kama ushahidi: ile tamthilia ya Spider-Man ilimeza kama dola milioni 75, ikafanya maonyesho ya majaribio 182 kabla ya kufunguliwa rasmi Juni 2011, waigizaji wakaumia njiani, na bado hadithi ilikuwa haieleweki.

Sasa mwigizaji. Hapa ndo tunapooneana zaidi, na silaha yetu ni klipu. Klipu ya sekunde 20 ya noti ya juu, iliyorekodiwa kwa simu kutoka siti ya nyuma, haiwezi kukuambia mtu anaimba vipi. Broadway na West End ya London kawaida ni maonyesho manane kwa wiki, Jumatano au Jumamosi mtu anaimba mara mbili siku moja, kwa hiyo atakuwepo usiku anaoruka na usiku anaojihifadhi. Kujihifadhi nako ni ufundi. Swali la kuuliza sio "kapiga noti?", uliza ile noti imempeleka wapi mhusika.

Chukua ubishi wa 2025, tulivyogawanyika timu Audra na timu Nicole. Audra McDonald alikuwa anacheza Rose, mama anayewasukuma watoto wake wawe mastaa, kwenye Gypsy, mwanamke mweusi wa kwanza kuicheza nafasi hiyo Broadway, na Nicole Scherzinger alikuwa Norma Desmond, staa wa filamu wa zamani aliyesahaulika, kwenye Sunset Boulevard. Watu waliomkataa Audra walikuwa na hoja ya kweli, sikatai: Rose aliandikiwa sauti ya Ethel Merman, aliyekuwa wa kwanza kumcheza mwaka 1959, sauti ya kifuani inayopasua ukumbi, na Audra alisomea uimbaji wa kiklasiki kwenye chuo cha Juilliard, akipanda juu sauti yake inahama kifuani inakuwa nyembamba ya kiopera. Wakasema huyu sio Rose. Lakini msikilize kwenye ule wimbo wa mwisho, alioimba pia kwenye sherehe ya Tony Juni 2025. Pale Rose yuko peke yake kwenye jukwaa tupu anadai zamu yake baada ya kuwatoa jasho watoto wake miaka yote, na sauti inapomponyoka kifuani kwenda juu unamsikia mama anayepoteza kila alichokishika. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko noti nene iliyokaa sawa.

Nicole je? Usimhukumu bila kumtaja Jamie Lloyd aliyeongoza. Aliondoa ngazi ile maarufu, akaondoa kilemba na mapambo yote, akamwacha Nicole peku na gauni jeusi jepesi, kamera zikimfuata na uso wake unatupwa kwenye skrini kubwa nyuma yake. Mwanzoni mwa sehemu ya pili Tom Francis alikuwa anatoka kabisa nje ya ukumbi anaimba barabarani kati ya wapita njia, watazamaji wakimwona kwenye skrini, mpaka arudi ndani. Sasa uso ukiwa mkubwa kama nyumba, kuhema tu kunakuwa tukio. Hilo ni la mwongozaji na mwigizaji kwa pamoja, ila ile sauti ni ya Nicole, haina ubishi. Tony alichukua Nicole, mimi ningempa Audra, na naweza kukueleza kwanini bila kumtukana yeyote. Ndo ninachotaka uweze.

Jambo dogo lakini naliwekea mkazo: waigizaji wa akiba. Ukifika ukakuta karatasi inasema staa hayupo leo, usirudi na sura ya msiba. Shirley MacLaine alikuwa wa akiba kwenye The Pajama Game mwaka 1954, akaingia Carol Haney alipoumia, Hollywood ikamwona hapo hapo. Desemba 2021 kwenye The Music Man, Kathy Voytko aliingia ghafla badala ya Sutton Foster, na Hugh Jackman, staa wa shoo hiyo, akasimama mwisho wa shoo kuwasifu watu hawa mbele ya ukumbi mzima. Na kati ya Beanie Feldstein kuondoka Funny Girl na Lea Michele kuingia mwaka 2022, aliyeibeba ile shoo Agosti alikuwa Julie Benko.

Tukija kwa mastaa wanaoletwa kuuza tiketi, wengi wanakasirika wakisikia tu jina. Mimi napima kwa nafasi yenyewe inataka nini. Chicago ipo Broadway mfululizo tangu urejesho wa 1996 na moja ya siri zake ni kubadilisha majina makubwa, Pamela Anderson aliingia kama Roxie mwaka 2022, na sioni tatizo, kwa sababu Roxie ni mwanamke mwenye njaa ya umaarufu kuliko kipaji, sauti ya kawaida inaweza kumbeba vizuri tu. Norma Desmond hawezi kubebwa hivo. Mwaka 1994 Faye Dunaway alitakiwa kumrithi Glenn Close kule Los Angeles, Andrew Lloyd Webber, mtunzi wake, akaifunga shoo kwa madai kwamba sauti yake haitoshi, Dunaway akashtaki, wakamalizana nje ya mahakama. Kumwambia staa hawezi kuimba mazoezi yakiwa yameanza ni kumdhalilisha, na hilo ni jukumu la aliyemchagua. Kwa hiyo ukitaka kulaumu, laumu ofisi iliyosaini mkataba kwanza.

Hapo tumeingia kwenye skendo, na hapa nakuomba uende taratibu kuliko kote. Kwanza jua ni skendo ya aina gani. Kuna ya maamuzi ya wakubwa: mwaka 2017 prodyuza wa tamthilia ya Natasha na Pierre walitaka kukatisha muda wa Okieriete Onaodowan, mwigizaji mweusi, ili Mandy Patinkin, staa wa miaka mingi, aingie kuinua mauzo ya tiketi. Watu walipokasirika Patinkin akajitoa, Onaodowan naye hakuendelea, na shoo ikafungwa tarehe 3 Septemba. Patinkin alitukanwa sana wakati uamuzi haukuwa wake. Kuna ya nani anaruhusiwa kucheza nani: Miss Saigon mwaka 1990, chama cha waigizaji cha Marekani kilimkataa Jonathan Pryce, mzungu, kucheza mhusika mwenye asili ya Asia ambaye London alimcheza kwa kubandikwa vitu machoni na kupakwa rangi ili aonekane Mwasia. Prodyuza Cameron Mackintosh akaifuta shoo nzima, chama kikarudi nyuma, na mwaka uliofuata Pryce akashinda Tony, na Lea Salonga aliyecheza naye pia. Mimi nasema waliolalamika walikuwa sahihi hata kama walishindwa, na Tony ya Pryce haijibu hoja yao, kwa sababu hoja haikuwa kama anajua kuigiza.

Alafu kuna ya tabia ya mtu. Lea Michele, Juni 2020, Samantha Ware aliyefanya naye kazi kwenye tamthilia ya TV ya Glee alieleza hadharani jinsi alivyotendewa, wengine wakaongeza ya kwao, Lea akaomba radhi. Miaka miwili baadae akaingia Funny Girl na tiketi zikagombaniwa. Unaweza kusema sauti yake ilikuwa ndo ile nafasi inayoitaka, na papo hapo ukaamua hela yako humpi. Yote mawili ni ya kweli na hayagombani. Usichoweza ni kusema hajui kuimba kwa sababu umemchukia, maana hapo umeidhoofisha hata ile hoja yako nzuri. Nicole alifanyiwa hivo hivo Novemba 2024, aliacha komenti chini ya posti ya mchekeshaji Russell Brand yenye kofia nyekundu kama zile za wafuasi wa Trump, watu wakaisoma kisiasa, akaomba radhi, na ghafla wale wale waliokuwa wanamsifu wakaanza kusikia kasoro kwenye noti zake.

Ukisoma radhi ya staa, angalia kama inamtaja aliyekosewa na kosa lenyewe. Mei 2025 Patti LuPone, gwiji wa Broadway, alimsema vibaya mwigizaji mwenzake Kecia Lewis kwenye mahojiano na jarida la The New Yorker, Audra pia akaguswa, wasanii zaidi ya 500 wakasaini barua ya wazi, Patti akaomba radhi akiwataja wote wawili. Patti ninampenda, ile Evita yake ya 1979 siichoki, na maneno yale kwa Kecia Lewis yalikuwa ya kudhalilisha.

La mwisho ni la vitendo: andika maoni yako usiku ule ule, kabla hujasoma ya wakosoaji wala ya mashabiki wenzako, hata mistari mitano, ukitaja wimbo gani na tukio gani. Na ukiyaposti kama ni makali, usimtag mwigizaji, kesho ana maonyesho mawili.