Asilimia hukatwa kwenye bei ya kuuzia

Ndugu zangu wa Tanga mnaouza iliki na mdalasini wa Amani mtandaoni, angalieni hesabu hii. Unataka shilingi 20,000 mkononi, soko linakata asilimia 10, basi unaongeza 2,000 na kuuza 22,000. Umepunjika! Makato yanatoka kwenye bei nzima, yaani 2,200, unabaki na 19,800. Wewe unabakiwa na asilimia 90 ya bei, yaani 0.9, kwa hiyo gawanya 20,000 kwa 0.9 utapata 22,222, weka 22,250. Hapo bado ada ya kutoa pesa ya simu kwa wakala, na nauli ya kifurushi kwenye basi la Dar, ambayo naona bora mteja ailipe kando. Na meseji ya "umepokea" pesa isikufanye utoe mzigo: angalia salio kwanza, meseji za kughushi zipo.