Ukitafuta chui milia India, zima injini usikilize

Kwa anayekwenda hifadhi za Kanha, Bandhavgarh au Ranthambore: mwombe dereva azime gari karibu na maji, mkae kimya dakika kumi na tano hivi, badala ya kukimbizana na magari mengine. Chui milia hujificha vizuri, ila majirani zake humtangaza. Langur, kima wa uso mweusi, humwona kutoka juu mtini na kukohoa kwa ukali. Chital, wale kulungu wenye madoa meupe, hutoa mlio mwembamba wa ghafla. Chital ni waoga, mara nyingine hupiga kelele bure au kwa sababu ya chui wa kawaida. Lakini ukisikia sambar, yule kulungu mkubwa wa rangi ya kahawia, akirudia mlio wake mzito, hapo ndipo pa kungoja.

Aprili na Mei, maji yakiwa machache, mbinu hii hufanya kazi vizuri zaidi, joto lake ndilo balaa. Mvua ikinyesha, maji yako kila mahali na haisaidii sana. Tena Julai hadi Septemba maeneo ya ndani ya hifadhi hizo hufungwa. Na mkipangiwa gari lenye watu wanaopiga soga, basi tena.