Bakshishi, zawadi na "hela ya soda" kazini: namna ya kupima kabla ya kupokea

Kipimo cha kwanza kimo katika Hadithi ya Abu Humayd as-Saidi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hiki chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aonekane kama zawadi itamfuata huko.

Basi jiulize hivyo hivyo: nisingekuwa na kazi hii, mtu huyu angenipa? Ikiwa asingekupa, usifunge mkono wala usiufungue bado. Uliza mengine mawili. Huduma ninayoitoa ni ya nani, na mwenyewe ameniruhusu kupokea juu yake? Na mtoaji ana jambo lolote linalopita mikononi mwangu, leo au karibuni: fomu, zabuni, alama za mtihani, ukaguzi, nafasi kwenye foleni?

Mhudumu wa hoteli au mbeba mizigo anayepewa bakshishi baada ya kazi, kwa hiari ya mgeni na kwa idhini ya mwajiri, hana tatizo. Tatizo huanza anapoanza kuinunua bakshishi kwa mali ya bosi: juisi isiyoandikwa kwenye bili, chumba cha bei ya juu kwa bei ya chini. Huo ni wizi uliovikwa tabasamu. Kama kuna sanduku la pamoja, mgawo ukubaliwe mwanzo wa mwezi, na wa jikoni watajwe kwa jina, maana ndio husahauliwa.

Mtumishi wa umma yuko mbali zaidi na ruhusa hiyo. Mwenye mali ni wananchi wote, kwa hiyo msimamizi wake hawezi kumhalalishia; "mkubwa anajua" si ruhusa, mara nyingi ina maana tu kwamba mkubwa naye ana fungu lake. Katika Hadithi ya Burayda iliyomo kwa Abu Dawud, Mtume anasema: tuliyempa kazi tukamlipa riziki yake, atakachochukua zaidi ya hapo ni ghulul, yaani hiana katika mali ya amana. Nesi, karani wa ardhi na askari wa barabarani wote wanaingia humo, hata kama aliyetoa amesema "ni ya moyo wangu".

Je, rafiki wa zamani? Wanafiqhi (wanazuoni wa sheria za dini) wa Kishafii, ambao ndio wengi wetu pwani tunawafuata, walimwekea kadhi mpaka unaofaa kwa yeyote mwenye mamlaka. Mwenye kesi mbele yako usimpokelee kabisa. Asiye na kesi, kama hakuwa akikupa kabla hujapata cheo, usimpokelee pia. Aliyezoea kukupa apokelewe kwa kiasi kile kile cha mazoea, na bora umlipe mfano wake. Jirani aliyekuletea kilo mbili za tende kila Ramadhani akileta mbuzi mwaka uliopandishwa cheo, mbuzi arudi.

Sasa cha juu, ambacho wengi hawakihesabu hata kuwa ni swali. Fundi anatumwa kununua mabati 40. Bei ya duka ni 32,000 kwa bati, yeye anapunguziwa hadi 30,000, risiti inaandikwa 32,000 na shilingi 80,000 zinaingia mfukoni. Yeye hapo ni wakili, yaani anayenunua kwa niaba ya mwingine, na punguzo ni la aliyemtuma. Mtume alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Faida ilirudi kwa mwenye pesa, naye Urwa akaombewa baraka. Tiba ni kutaja ujira mapema: "Ufundi ni 350,000, na nikikununulia vifaa utanilipa 50,000." Risiti iandikwe bei halisi. "Nitajua mwenyewe huko dukani" haimalizi jambo, kwa sababu mteja hajui anakubali nini.

Kukataa kunahitaji ulimi laini na haraka. Sema: "Shukrani sana mama, Mungu akuzidishie. Kazi hii nalipwa, niombee dua tu." Ukirushiwa kwa simu bila kuulizwa, rudisha siku hiyo hiyo kwa namba ile ile na uuhifadhi ujumbe. Ukikaa nayo wiki, utaitumia kwa nia ya kurudisha, na hapo ndipo wengi hunasa. Mtoaji asipojulikana, ikabidhi ofisini kwa maandishi. Ofisi isipokuwa na utaratibu, wape maskini kwa nia ya kujivua na mali hiyo, si ya kutafuta thawabu. Samaki na matunda hayangoji barua: mjulishe msimamizi, yagawe kwa wahitaji, mwambie aliyeleta.

Kwa upande wa mtoaji, laana katika Hadithi ya Abdullah bin Amr inawapata wote wawili, mtoa rushwa na mpokeaji. Wanazuoni wengi wamemtoa katika laana hiyo aliyezuiliwa haki yake ya wazi, akakosa njia nyingine, na asimdhulumu mtu kwa kutoa. Dhambi hapo ni ya mpokeaji. Ila usijipe fatwa hiyo upesi. Kuruka foleni si haki yako. Na Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana mtoaji na mpokeaji, tena haiishii kwa watumishi wa umma.

Imebaki michango ya ofisini: harusi ya bosi, zawadi ya kuagana. Mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na kilichotolewa kwa kuona haya wanafiqhi wamekifananisha na kilichoporwa. Orodha ya majina na viwango kwenye kundi la WhatsApp ndiyo inayoharibu. Tumieni bahasha zisizo na jina, mkusanyaji asiwe msaidizi wa bosi, na asitangaze nani hajatoa.