Passau hadi Linz kwa baiskeli ya mbio: jinsi ya kufuata Danube mbali na magari

Kati ya Passau, Ujerumani, na Linz, Austria, Mto Danube unapita kwenye bonde jembamba lenye misitu kulia na kushoto. Zamani farasi walitembea kando ya maji wakikokota mashua kuzipandisha mto. Njia zao zilitiwa lami, na leo ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayoanzia Atlantiki na kuishia Bahari Nyeusi.

Waendeshaji wengi huchagua ukingo mmoja wa mto pale Passau, kisha wakaung'ang'ania hadi mwisho. Ndiyo maana wengine hurudi wakilalamika kwamba walisikia malori nusu ya safari. Kila ukingo una vipande ambavyo njia imebanwa na barabara kuu, na vipande ambavyo hata pikipiki haipiti. Kazi yote ni kujua pa kuvukia.

Hatua ya 1: Chagua siku

Endesha kuelekea mto unakoshuka, kutoka Passau. Passau iko takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari na Linz takriban 260, kwa hiyo mteremko wenyewe huwezi kuuhisi. Kinachosaidia ni upepo: hapa mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na bonde huubana ukaongezeka nguvu. Ukitokea Linz, utapambana nao siku nzima.

Mei, mwanzo wa Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti njia hujaa familia na baiskeli za umeme, na ukilazimisha kilometa 35 kwa saa katikati ya watoto utaumiza mtu. Oktoba ukungu hulala bondeni hadi karibu na mchana, na majani yaliyolowa huteleza kama sabuni.

Angalia pia kina cha maji siku mbili kabla. Mwaka 2013 mto ulifika mita 12.89 pale Passau. Hata mafuriko madogo hufunika njia, na maji yakishuka huacha tope laini juu ya lami. Tope hilo likikauka nusu ni hatari kuliko likiwa bichi, kwa sababu kwa juu linaonekana kama vumbi tu, kumbe chini bado ni utelezi.

Hatua ya 2: Andaa baiskeli

Baiskeli ya mbio inatosha, ila weka tairi za milimita 28, au 25 kama fremu haina nafasi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za 28 zenye tyubu, upepo wa psi 70 (kipimo cha mgandamizo) mbele na 75 nyuma ni kiasi kizuri. Usijaze hadi 100. Mizizi ya miti imeinua lami sehemu nyingi. Tairi ngumu kupita kiasi huruka na kupoteza mshiko, na iliyo laini mno hubanwa kati ya mzizi na rimu, tyubu ikatoboka matundu mawili sambamba.

Beba tyubu mbili, pampu, vyuma vya kutolea tairi na kipande cha mnyororo cha kuungia. Funga kengele: Ujerumani sheria inaidai, na njia yenyewe inaihitaji. Taa zifunge hata kama unaendesha mchana. Austria huisamehe baiskeli ya mbio isiyozidi kilo 12 kuwa na taa mchana kukiwa kweupe, lakini chini ya miti bondeni giza huja mapema.

Chukua sarafu na noti ndogo za euro kwa ajili ya vivuko, yaani vyombo vya kuvushia watu mtoni. Chukua pasipoti au kadi ya ukaazi, maana unavuka mpaka, na polisi wa Ujerumani hukagua watu kwenye treni za kurudi. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa nchi zote mbili, hivyo nunua chakula Jumamosi.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma kilometa za mto

Kando ya maji kuna mabango yenye namba. Ni kilometa zinazohesabiwa kutoka mdomo wa Danube, kwa hiyo unaposhuka zinapungua: Passau karibu 2226, Jochenstein 2203, Schlögen 2187, Aschach 2160, Linz 2135. Ni kama kilometa 90 za mto; pamoja na kuingia vijijini, panga 95 hadi 100. Ukipiga simu ya dharura, 112, taja namba ya bango na ukingo uliopo. Kulia na kushoto huhesabiwa ukitazama mto unakoelekea.

Ukitumia programu ya ramani, usiweke aina ya "baiskeli ya mbio". Programu hutafuta lami nzuri na mara nyingi itakutupa kwenye barabara kuu B130. Weka baiskeli ya matembezi, halafu kagua mstari wenyewe kipande kwa kipande.

Hatua ya 4: Passau hadi Jochenstein, ukingo wa kushoto

Kilometa 15 hivi za kwanza hadi Obernzell hazipendezi: njia inaambatana na barabara kuu B388. Zimalize bila haraka. Kuanzia Obernzell barabara hiyo inapanda mlimani kuelekea Untergriesbach na kukuachia mto. Hii ndiyo sababu ya kuanza kushoto. Upande wa kulia B130 inakusindikiza mpaka Schlögen.

Hatua ya 5: Jochenstein hadi kijiji cha Au

Baada ya bwawa la umeme la Jochenstein unaingia Austria, na njia inabaki ya baiskeli na waenda kwa miguu. Gari pekee unaloweza kukutana nalo ni la wahudumu wa mto. Tazama lami kwenye kona zenye kivuli: kuna ukungu wa kijani unaoota asubuhi zenye unyevu. Funga breki kabla ya kona, usifunge ukiwa ndani yake.

Niederranna kuna daraja. Hapa ndipo pa kuamua. Kama vivuko havifanyi kazi, ama kwa mafuriko ama kwa sababu msimu umekwisha (kwa kawaida huanza masika na kuisha Oktoba), vuka daraja sasa uende Wesenufer na ufuate njia ya kandokando ya B130 hadi Schlögen, kilometa 7 hivi. Kama vinafanya kazi, endelea kushoto hadi Au. Saa za kivuko zitazame usiku uliotangulia, kwani cha mwisho huondoka mapema kuliko wengi wanavyodhani, hasa Aprili na Septemba.

Hatua ya 6: Kuvuka kwenye kona ya Schlögen

Hapa Danube unagonga mwamba mgumu na kugeuka karibu kurudi ulikotoka. Kijiji cha Au kipo ndani ya kona hiyo, na mbele yake ukingo wa kushoto hauna njia ya baiskeli ya mbio: ni mwamba na kijia cha miguu. Kuna vivuko viwili, na watu huvichanganya. Kimoja kinakata mto kwenda Schlögen. Kingine kinashuka na mto hadi Grafenau, ukingo uleule wa kushoto. Panda kile cha Schlögen. Cha Grafenau kitakunyima kipande kizuri kuliko vyote.

Shuka kwenye baiskeli kabla ya kufika gatini, isukume ndani, mlipe nahodha. Viatu vyenye klipu chini huteleza sana kwenye chuma kilicholowa. Viatu hivyohivyo havifai kupanda kijia cha kwenda kuitazama kona kutoka juu. Ukitaka kupanda, beba raba nyepesi.

Hatua ya 7: Schlögen hadi Aschach, ukingo wa kulia

Jaza chupa mbili Schlögen. Maji ya bomba yananyweka. Sasa una takriban kilometa 27 ambazo ndizo sababu ya safari yote. Barabara kuu imeachana na mto, na kuna vitongoji vichache tu kama Inzell na Kobling, vyenye gari moja moja la mkazi. Hakuna duka. Shika mwendo wa kilometa 25 hadi 28 kwa saa, kaa kulia, piga kengele mita 30 kabla ya kumpita mtu, si ukishamfikia mgongoni. Ukimshtua atahama upande usioutarajia.

Hatua ya 8: Aschach hadi Linz

Bonde linafunguka kuwa tambarare ya mashamba ya mboga ya Eferding. Njia inapita juu ya tuta la kuzuia mafuriko: hakuna kivuli, na upepo wa ubavuni ni mkali. Nenda kulia hadi Wilhering, kisha uvuke kwenda Ottensheim. Kivuko cha hapo hakiendeshwi na injini. Kimefungwa kwenye waya uliovutwa juu ya mto, na mkondo wa maji ndio unaokisukuma.

Kutoka Ottensheim hadi Linz ni kilometa 10 kando ya B127. Njia imetengwa, ila kelele zipo, na hakuna ukingo utakaokuepusha nazo.

Hatua ya 9: Kurudi

Treni za Linz hadi Passau ni nyingi. Baiskeli inahitaji tiketi yake, na kwenye ICE, treni za kasi za Ujerumani, lazima nafasi yake iwekwe mapema. Za kawaida zina nafasi zaidi, ingawa wikiendi za kiangazi hujaa. Unapokwenda stesheni, jihadhari na reli za tramu: tairi ya 28 inatumbukia kabisa. Zikate kwa pembe ya mraba, na barabara ikiwa imelowa, shuka usukume.