Mayai laini ya Kijapani: yanaivia kwenye sufuria iliyoepuliwa

Wajapani huyaita onsen tamago, mayai ya chemchemi ya maji moto. Kule Yunomine, mkoani Wakayama, wageni hununua mayai yaliyofungwa kwenye kiwavu na kuyatumbukiza wenyewe kwenye chemchemi. Sisi tutatumia sufuria tu.

Kiini cha yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 65 hadi 70, lakini ute hauwi mgumu mpaka ukaribie 80. Ukilishikilia yai hapo katikati, kiini kinakuwa kizito kama asali na ute unabaki laini kama mtindi, kinyume kabisa na yai la kuchemsha la mtaani.

Hatua ya 1. Tafuta mayai manne mabichi ya kisasa, ya ukubwa wa kawaida, yasiyo na ufa. Kama yalikuwa kwenye friji, yatoe sasa hivi. Hayana haja ya kungoja ubaridi uishe.

Hatua ya 2. Chemsha lita 1 ya maji kwenye sufuria nzito yenye mfuniko. Ile nyembamba ya alumini inapoteza joto upesi mno. Maji yakitokota, zima moto na uepue.

Hatua ya 3. Mimina mililita 200 za maji baridi ya bomba, koroga mara moja. Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanalaumu mayai. Aliye Nairobi apunguze yawe 150, kwa sababu huko juu maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar.

Hatua ya 4. Shusha mayai taratibu kwa upawa, funika, kisha uzungushie sufuria taulo. Dakika 12 kwa mayai yaliyokaa nje, 15 kwa ya friji. Usifunue! Mara yangu ya kwanza nilichungulia kila baada ya dakika mbili, nikaambulia ute wa majimaji uliochuruzika wote kwenye sahani.

Hatua ya 5. Yaopoe, yaweke kwenye maji baridi dakika moja au mbili. Usiyamenye. Gonga ganda katikati na ulipasulie juu ya bakuli dogo, kama yai bichi. Ute kidogo utabaki umegandia kwenye ganda, uache.

Yai la kwanza ndilo kipimo chako. Kama bado ni teketeke mno, rudisha mengine kwenye yale maji ya moto kwa dakika tatu.

Wajapani hulila na mchuzi mwepesi wa dashi, yaani supu ya mwani na samaki mkavu, na sosi ya soya. Dashi huku ni ya kuitafuta, kwa hiyo mimi hutia kijiko cha sosi ya soya, maji vijiko viwili, sukari kidogo sana, na kitunguu majani juu. Kwenye wali wa moto, kitoboe kiini kisambae.

Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa asipewe haya: yai halijaiva vya kutosha kuua vijidudu vyote. Wao wachemshie ya kawaida.