Mapambo ya Krismasi yatolewe lini? Hesabu kwanza ndo upande kwenye stuli

Kila mwaka ikifika tarehe 2 Januari hapa kwetu ubishi unaanza, mama anataka mti utoke kwa sababu sikukuu imeisha na sebule imejaa vumbi, mi namwambia mama subiri kwanza, Krismasi ndo kwanza iko katikati. Na sisemi hivyo kwa uvivu. Haya, uvivu upo kidogo.

Ni hivi, kimapokeo Krismasi sio siku moja, ni siku 12. Tangu mwaka 567 mtaguso wa Tours kule Ufaransa, yaani mkutano wa maaskofu, ulishasema siku zote kati ya Noeli na Epifania, ile sikukuu ya mamajusi ya 6 Januari, ni za sikukuu. Kasheshe iko kwenye kuhesabu: ukianzia tarehe 25 yenyewe, ya 12 inaangukia 5 Januari, ukianzia 26 unafika 6. Waingereza wanabishana hilo mpaka leo, na kwao ukipitisha siku hiyo mapambo bado yananing'inia wanasema unajiitia nuksi ya mwaka mzima. Waswidi wao wanavuta hadi tarehe 13, siku ya Knut, watoto wanacheza kuuzunguka mti, wanakula pipi zilizobaki, halafu mti unatolewa nje.

Kwa Wakatoliki kipindi cha Noeli kinaisha Ubatizo wa Bwana, ambao kwa kawaida ni Jumapili baada ya tarehe 6. Kama kalenda inakuchanganya mwangalie padri Jumapili, kasula, lile vazi lake la juu la misa, ikiwa nyeupe tulia, akitoka na kijani ujue umechelewa, kashushe nyota. Wapo pia wanaoacha pango la Mtoto Yesu mpaka 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya 40 ukihesabu kuanzia Noeli. Nami siku nikiwa na kazi nyingi huwa nahamia kundi hilo. Na jirani yako Mhabeshi wa Orthodox usimshangae, Krismasi yake ni 7 Januari, we unatoa mapambo yeye ndo anayaweka.

Ila kama mti wako ni tawi la mvinje au msipresi, achana na tarehe. Ukiligusa likapukutika, litoe siku hiyo hiyo hata kama ni 29 Desemba, maana tawi kavu na taa za kuwakawaka ni kutafuta moto ndani ya nyumba.

Sasa kutoa. Chomoa taa kwenye soketi kabla hujagusa kitu, halafu anza na hizo hizo taa, zivue kutoka juu kushuka ukizizungushia kwenye kipande cha boksi ulichokata mikato miwili pembeni. Mwaka juzi nilizikunjakunja tu kama kamba ya mbuzi nikatupia kwenye mfuko wa rambo, Desemba nikakaa chini saa nzima nafumua na nusu yake haziwaki. Mipira ya kioo kila mmoja kwenye gazeti lake, trei la mayai nalo linafaa sana. Sanamu za pango usizichanganye na vitu vizito, sisi tuna majusi mmoja hana kichwa kwa sababu ya pasi iliyowekwa juu yake.

Boksi liandike KRISMASI kwa makapeni pande zote, la sivyo mwezi wa tatu utalikuta jikoni lina vitunguu.